Miti imeota, mto umetakata: mbona perege wamepungua?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima kando ya Mto Kihuhwi, wilaya ya Muheza. Huu mwaka wa nne tumeacha kulima kingoni, tumepanda miti na tumewazuia wachimba mchanga. Maji yametakata, mtu akisimama mtoni anaona vidole vyake vya miguu. Tatizo ni kwamba tuliwaahidi wanakijiji kuwa mto ukipona samaki watajaa. Sasa perege na kambare wanapatikana kwa shida kuliko enzi za tope. Baadhi ya wazee wanatucheka, na wengine wanataka tuchange tukanunue vifaranga vya sato tuvimwage mtoni. Tumekosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na mara ya tatu nilifurahi zaidi, maana umeleta jambo ambalo watu wengi wanaofufua mito hulificha. Kazi yenu mmeifanya sawasawa. Ahadi ndiyo iliyokaa vibaya. Mliahidi "samaki" kana kwamba samaki ni kitu kimoja, kama unga, kinachopungua na kuongezeka kwenye gunia. Mtoni kuna jamii nyingi, kila moja na kazi yake, chakula chake na namna yake ya kuzaa. Ukiubadilisha mto, kuna wanaopata nafasi na kuna wanaohama. Mlichokiona ni wenyeji wa mto wa tope wakianza kuondoka kabla wenyeji wa mto safi hawajafika.

Anza na kambare. Huyu ana kiungo cha ziada kichwani, juu ya mashavu, kinachomwezesha kuvuta hewa kutoka juu ya maji. Dimbwi likipashwa na jua, likajaa majani yanayooza na hewa ya majini ikaisha, samaki wengine hupanda juu wakatweta na kufa. Kambare hupanda akavuta pumzi moja, akashuka, akaendelea na shughuli zake. Kwa hiyo mto unaoharibika humpunguzia washindani.

Perege naye ana siri yake. Dume huchimba kitundu cha duara kama sahani kwenye mchanga wa maji mafupi, jike akataga, kisha akayaokota mayai yote akayatia mdomoni. Yanaanguliwa humo, na vifaranga wakishaanza kuogelea bado hukimbilia kinywani mwa mama wakiona hatari. Hata mto ukiwa na tope kama uji wa ulezi, mayai yake hayaguswi.

Sasa walinganishe na ningu, au wale samaki wadogo wenye vindevu wa jamii ya kuyu. Hao hutaga na kuondoka. Changarawe ndiyo inayolea mayai. Yanakaa katikati ya vijiwe, maji yanapita yakiyaletea hewa, mpaka yaanguliwe. Tope likishuka kutoka shambani likaziba zile nafasi, mayai yanakosa hewa na kufa papo hapo yalipo, bila mtu kuona chochote. Mto unaweza kupoteza ukoo mzima kwa namna hiyo, na wavuvi wasijue, kwa sababu perege na kambare bado wanaingia mgononi.

Kesho asubuhi nenda mahali maji yanapokwenda mbio juu ya mawe, uokote jiwe la ukubwa wa ngumi. Ligeuze. Kama upande wa juu ulikuwa na utelezi wa kijani, na upande wa chini vidudu vyenye mikia mitatu myembamba kama nywele vinakimbia kujificha, umeshika chakula cha samaki wa maji ya kasi. Kisha choma kidole palipokuwa na jiwe. Kikizama kwenye changarawe inayolegea, mayai yatapona hapo. Kikikutana na udongo mlaini uliogandamana kama plasta, maji yenu yametakata juu lakini sakafu bado ni mgonjwa. Katika mito mingi niliyoingia, maji yalianza kutakata miaka kadhaa kabla ya sakafu. Tope la miaka thelathini halitoki kwa miaka minne. Husukumwa na mafuriko ya masika, kidogo kidogo.

Ipo sababu nyingine ya kupungua kwa samaki vikapuni, na hii haina uhusiano na idadi yao kabisa. Maji yakitakata, samaki anauona wavu. Anamwona na mvuvi. Mdiria na fisi maji pia wanamwona perege vizuri zaidi, hivyo perege anahama sehemu za wazi, anaingia chini ya mizizi na kwenye vina. Na miti yenu ikishafunga kivuli, mwanga unapungua, ukoga wa kijani ambao perege huula unapungua, maji yanapoa. Perege anapenda jua na maji ya polepole. Wengi watakuwa wameteremka kwenye mapana ya mto, kule chini. Kabla hujakubali kwamba wameisha, waulize wavuvi wa vijiji vya chini wanapata nini.

Mambo haya hayakuanzia Muheza. Kule Florida, Marekani, kuna mto unaitwa Kissimmee. Ulikuwa ukijipinda kama nyoka kwa kilomita 166. Kati ya 1962 na 1971 wahandisi waliunyoosha ukawa mfereji wa kilomita 90, wenye kina cha mita 9 hivi, ili kuzuia mafuriko. Maji yakatulia, hewa ikapungua, na samaki walioshamiri ni wale wawili wa kule wanaoweza kuvuta hewa ya juu, yaani kambare wao, kwa maana ya tabia. Mwaka 1999 walianza kuufukia mfereji na kuurudishia mto mipindo yake, kazi iliyokamilika 2021. Palipofufuliwa, wale wavuta hewa sehemu yao ilipungua na samaki wanaohitaji maji yenye hewa nyingi wakaongezeka. Mvuvi aliyezoea kuwapata wale wa mwanzo angeweza kulalamika kama wanavyolalamika wazee wenu. Kumbe kupungua kwao kulikuwa dalili ya mto kupona.

Lakini nisikupambie. Kuna mito iliyotengenezwa vizuri na samaki hawakurudi, wa aina yoyote. Mwaka 2010 mtafiti Margaret Palmer na wenzake walipitia miradi 78 ambayo watu waliweka mawe, wakarudisha mipindo, wakaupa mto sura nzuri, wakitumaini viumbe wadogo wa majini, wale vidudu wa chini ya jiwe, wangeongezeka aina. Ni miradi 2 tu iliyoonyesha ongezeko la kueleweka. Sura ilirudi, lakini kilichokuwa kinaua kilikuwa kinatoka mbali zaidi, kwenye maji machafu ya juu ya mto au kwenye namna maji yenyewe yanavyotiririka. Ndiyo maana mtu akinieleza habari za mto, swali langu la kwanza ni "Juu yenu kuna nini?" na la pili ni "Chini yenu kuna nini?"

Juu yenu ni mlima, Usambara ya Mashariki na misitu ya Amani, na hiyo ni bahati kubwa. Kijito cha msituni ambacho hakikuguswa ni ghala la mbegu. Watafiti wa Ujerumani walipochunguza vipande vya mito vilivyofufuliwa waliona kwamba samaki waliohamia humo walitoka karibu, kwa kawaida ndani ya kilomita 5 hivi. Samaki wa mtoni hasafiri kwa kusikia habari. Kama jirani yako wa karibu hana kuyu, wewe utangoja sana. Kwa hiyo kabla ya kupanda miti mingine, pandeni mlimani nyinyi wenyewe, mkatafute vijito vinavyoingia Kihuhwi ambavyo bado vina samaki wadogo wa mawe. Hivyo ndivyo vya kulindwa kwanza. Mkishajua viko wapi, angalieni kama kati yake na kwenu kuna kizuizi: kalavati lililoning'inia juu ya maji, kibanio cha umwagiliaji kinachokausha mto wakati wa kiangazi, uzio wa kutegea samaki uliokatiza mto mzima. Kalavati lililoinuka nusu mita juu ya maji ni kitu kidogo kwa mtu. Kwa samaki wa urefu wa kidole ni ukuta.

Bado juu, chunguzeni maji machafu. Mkoa wetu ni wa mkonge, na katika jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Kinachobaki, makapi na maji ya korona (mashine ya kukamulia mkonge), ni kikali na kinapooza hula hewa yote ya majini. Mwagiko mmoja wa usiku unaweza kufuta kazi ya mwaka mzima, na asubuhi maji yameshapita, hakuna ushahidi ila samaki weupe kingoni. Kama yapo mashamba juu yenu, kaeni na wenye mashamba. Makapi hayo yana thamani. Hale yalishatengenezewa mtambo wa kuyageuza gesi na umeme. Kwa habari ya hewa ya majini, ukumbuke Mto Thames wa London: mwaka 1957 wataalamu waliutangaza kuwa umekufa, na kilichourudishia samaki zaidi ya kitu kingine chochote ni kusafisha maji taka kabla ya kuyaachia mtoni.

Chini yenu kuna jambo gumu zaidi. Kihuhwi huingia Zigi, na Zigi kabla ya kufika baharini hukutana na bwawa la Mabayani, lililojengwa 1978 ili jiji la Tanga lipate maji. Siwezi kulisema vibaya bwawa hilo. Mamia kwa maelfu ya watu wanakunywa maji yake, nami nimo. Ila lazima tujue maana yake kwa samaki wanaohama.

Mfikirie mkunga wa mtoni. Hazaliwi mtoni. Wazazi wake huteremka mpaka baharini, wakasafiri Bahari ya Hindi hadi mashariki ya Madagaska, wakazaa huko kilindini na kufa. Kilichoanguliwa huchukuliwa na mikondo kwa miezi, kikafika pwani yetu kikiwa kidudu chembamba cha urefu wa kidole, mwili unapenyeza mwanga kama kioo. Kinaingia mlango wa mto usiku na kuanza kupanda. Akiwa mdogo ana uwezo wa kupanda hata ukuta wenye unyevunyevu, akijisokota kwenye ukoga. Atakaa mtoni miaka mingi, kumi au zaidi, mpaka mwili umwambie wakati umefika, kisha ateremke. Na kamba wakubwa wa mtoni nao ni hivyo hivyo kwa njia yao: vifaranga vyao huhitaji maji ya chumvichumvi ya mlangoni, penye mikoko na michu, ndipo wapande juu. Miti ya Kihuhwi, hata ikiwa msitu, haiwezi kumleta mkunga kama njia imeziba. Na mikoko ikikatwa kule ghubani, kamba hatoonekana kwenu.

Nguvu ya kufungua njia ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mto Penobscot, jimbo la Maine, Marekani, ulibomolewa mabwawa mawili ya chini, moja 2012 na lingine 2013, na la tatu likatengenezewa njia ya kupitisha samaki. Samaki mmoja wa kwao anayehama kama dagaa, aliyekuwa akihesabiwa kwa maelfu machache, mwaka 2018 walipita zaidi ya milioni 2. Hatuwezi kubomoa Mabayani. Tunaweza kuuliza, kupitia Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo Zigi nao uko chini yake, kama wakati wa kiangazi yapo maji ya kutosha yanayoachiwa kuendelea chini, na kama ukuta unaweza kuwekewa ngazi ya mkunga, ambayo mara nyingi ni mfereji mwembamba tu wenye kitu cha kukwaruza na maji yanayotiririka kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua kwamba mto wenyewe una haki ya kubakishiwa maji, baada ya maji ya matumizi ya nyumbani na kabla ya shughuli nyingine kugawana. Someni kifungu hicho kwenye mkutano wenu, kwa sauti.

Nataka pia mjihadhari na usafi. Zamani nilishiriki kazi ya "kusafisha" kijito kimoja huku Tanga. Tulitoa magogo yote yaliyoanguka, tukavuta kwa kamba kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, tukakata mizizi iliyoning'inia, kijito kikawa kimenyooka na kuvutia macho. Masika iliyofuata maji yalipita kwa kasi kama kwenye bomba, yakazoa changarawe, na kina kimoja ambacho watoto walikuwa wakivulia kikajaa mchanga. Bibi mmoja aliyeishi kingoni aliniuliza, "Mwanangu, nyumba ya samaki mmeipeleka wapi?" Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Gogo lililolala mtoni huchimba kina nyuma yake, huzuia majani yakawa chakula cha vidudu, humficha mkunga mchana. Kwenu mti ukianguka mtoni, uacheni, isipokuwa unatishia daraja.

Vivyo hivyo kwa mafuriko. Mto una chumba cha pili, nacho ni bonde linaloloa masika. Kambare hungoja mvua ndipo wapande kwenye majani yaliyofunikwa na maji kutaga. Vifaranga hukulia humo penye joto na chakula, kisha hurudi mtoni maji yanapokauka. Waulize watu wa Kirua, kwenye Mto Pangani chini ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa liliposhika mafuriko, kinamasi kilinywea na uvuvi wake ukanywea nacho. Kwa hiyo kambare wenu mnaweza kuwasaidia kwa kitu rahisi: yale mabonde madogo kando ya mto ambayo watu wameyachimbia mitaro ya kutoa maji, rudishieni mawili matatu yajae tena. Sheria ya Mazingira ya 2004 tayari inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, hivyo eneo hilo mnalo, kama mmeliheshimu.

Nimeliweka la sato mwisho kwa sababu nahofia mmeshaanza kuchanga. Tafadhali msifanye. Hili nakuomba kama mzazi.

Katika mito ya kwetu kuna perege ambaye jina lake la kitaalamu, Oreochromis korogwe, limebeba jina la mji wetu wa Korogwe. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955 na Rosemary Lowe. Makazi yake yanayojulikana ni bonde la Pangani na Zigi, na maziwa machache madogo huko Lindi. Dunia nzima hana kwingine. Sato si mwenyeji wa mito ya Tanga. Anakua haraka, anamnyang'anya mwenyeji mazalio, na baya zaidi huzaana na perege wa jamii ya karibu. Watoto wanatoka chotara, nao chotara wanazaa, na baada ya vizazi kadhaa huwezi tena kumpata perege wa asili hata ukimtafuta kwa tochi. Mto ulioharibiwa na tope unaweza kufufuka. Ukoo uliochanganywa haurudi. Anayetaka kufuga sato achimbe bwawa lake mbali na mto, mahali ambapo mafuriko hayafiki, na aweke wavu kwenye mdomo wa kutolea maji.

Basi mtawajibu nini wanakijiji? Wapeni hesabu, ila hesabu ya aina. Tengenezeni migono sita inayofanana, yenye matundu madogo. Chagueni sehemu tatu: moja ya mawe na kasi, moja ya kina chini ya kivuli, moja ya mapana penye jua. Tegeni usiku mmoja wa giza mwishoni mwa masika, na usiku mmoja wa giza kabla ya vuli, kila mwaka, pale pale, kwa chambo kile kile. Alfajiri mwaga kila mgono kwenye beseni lenye maji, hesabuni kila aina peke yake, mpime wachache kwa rula, muwarudishe. Andikeni kwenye daftari moja ambalo halitoki ofisini. Msiyaamini macho ya mwaka mmoja; mvua mbaya inaweza kukudanganya. Baada ya masika ya tatu mtaanza kuona mchoro. Sehemu ya kasi ndiyo ningu na kuyu wanapotakiwa kuongezeka. Kina ndicho cha kambare wakubwa wachache na mikunga. Mapana ni ya perege, na kama kule nako hayupo, ndipo mje na wasiwasi, na swali la kwanza liwe nani anavua kwa chandarua au kumwaga utupa usiku, maana hivyo viwili huua vifaranga wa kila aina bila kuchagua.

Kwenye ile sehemu ya mapana msipande miti ikabanana. Acheni jua lipite, hatua hamsini hivi, matete na nyasi zishike kingo. Perege wa wazee wana haki yao mtoni.

Na mkimpata mkunga kwenye mgono, hata mmoja, mpime urefu, mpigeni picha akiwa ndani ya beseni, andikeni tarehe na mahali, mumwachie pale pale mlipomtoa. Kisha niletee habari siku hiyo hiyo, hata ikiwa saa sita usiku. Mkunga kwenye Kihuhwi maana yake kuna kiumbe aliyevuka bahari, mikoko na Mabayani mpaka kuwafikia, nami nitataka kuja kuona alipitia wapi.